Mkono ukipigwa ganzi, damu nayo inabadilika: maongezi ya Ngamiani, Tanga

(Hii ni hotuba niliyoitoa mtaani Ngamiani, nimeiandika kama nilivyoongea mana wengi mliokosa mliniomba. Maswali ya mwisho nimeyaweka pia.)

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari zenu wadogo zangu wa bodaboda naona mmejipanga huko nyuma, sogeeni bwana viti vipo. Naona na jamaa zetu wa mkonge kutoka Pongwe na Muheza, karibuni sana. Alafu kuna familia ambazo wana mgonjwa wa figo, nyie ndo hasa nimewajia leo, ingawa na wengine wote mtaondoka na kitu.

Mi kazi yangu ni usingizi. Sio yule anayekata, ni yule anayekaa upande wa kichwa cha mgonjwa thiata anahakikisha hasikii maumivu na anapumua na moyo unapiga. Na katika hii kazi kuna kitu kimoja watu hawaelezwi na mi kinaniuma sana, nacho ni kwamba sindano ya ganzi ya mkono mzima haiishii kwenye maumivu. Inafungua mishipa ya damu ya huo mkono. Damu inaingia nyingi zaidi, mkono unapata joto, mishipa inavimba. Kwa mtu anayeshonwa jeraha la kawaida hilo ni jambo dogo, atasikia joto basi. Ila kwa mgonjwa wa figo anayetengenezewa mshipa wa kusafishia damu, jambo hilo linaweza kuamua kama ule mshipa utafanya kazi au utaziba, na familia imeshauza ng'ombe au imeshakopa.

Tuanze na mkono wenyewe. Mishipa ya fahamu ya mkono inatoka shingoni, mizizi mitano, inashuka nyuma ya mfupa wa mtulinga, inapita kwapani, inagawanyika mpaka vidoleni. Ndani ya ile mishipa kuna nyuzi nyingi za kazi tofauti. Kuna za kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo, kuna za kuamrisha misuli ikunje kiwiko au ifungue ngumi, na kuna nyingine nyembamba mno ambazo wengi hawajawahi kuzisikia, kazi yake ni kuibana mishipa ya damu. Hizi hazikuulizi, zinafanya kazi usiku na mchana. Ukiingia kwenye baridi ya Lushoto mwezi wa saba vidole vinapoa na kupauka, ni hizo. Ukiogopa sana mikono inakuwa ya baridi, ni hizo hizo. Zinamwaga kemikali inaitwa noradrenalini kwenye kuta za mishipa ya damu, na misuli ya zile kuta inajikaza.

Hili watu wamelijua zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kule Ufaransa kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Claude Bernard, alikata mshipa wa fahamu wa aina hii shingoni mwa sungura upande mmoja tu, na sikio la upande ule likapata joto na kuwa jekundu, la upande wa pili likabaki vilevile. Sungura yuleyule, moyo uleule, damu ileile! Yaani kilichokuwa kinalibana sikio kiliondolewa na damu ikajaa yenyewe.

Sasa sindano yetu inafanya kitu kinachofanana na hicho ila kwa muda tu, haikati chochote. Dawa kama lidokeini au bupivakeini ikimwagwa kuzunguka ile mishipa ya fahamu, umeme unaopita ndani ya nyuzi unasimama. Na zile nyuzi nyembamba za kubana damu huwa ni miongoni mwa za kwanza kulala. Kwa iyo kabla mgonjwa hajasema mkono umekuwa mzito, mi nikigusa kiganja chake nakuta kimeshaanza kuwa cha moto, na mishipa ya juu ya kiganja imetuna. Kile kidude cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni, zile mashine ambazo zinaonyesha na nguvu ya mapigo kidoleni, namba inapanda. Hapo najua sindano imeingia panapotakiwa hata kabla sijamuuliza chochote. Na nawaambia wagonjwa mapema kabisa, mkono wako utakuwa wa moto, usishtuke, mana kuna wanaoanza kulia wakidhani mkono unaungua au dawa imewadhuru, na hakuna aliyewaambia.

Wenzetu wenye mashine ya altrasaundi yenye dopla, ile inayoonyesha damu ikikimbia, wanaona vizuri zaidi. Kabla ya ganzi, kwenye mshipa mkubwa wa mkono damu inasukumwa na kila pigo la moyo kisha katikati ya mapigo inakaribia kusimama, au hata inarudi nyuma kidogo, mana kule mbele vijishipa vidogo vimejibana hakuna pa kwenda. Baada ya ganzi damu inaendelea kutiririka hata moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Mlango wa mbele umefunguka. Na presha ya mwili mzima haishuki sana, kwa sababu ni mkono mmoja tu uliofunguliwa, tofauti na sindano ya mgongo ambayo inafungua miguu yote miwili na tumbo na presha inaweza ikaporomoka.

Sasa kuna hesabu hapa naomba mnivumilie, mana ndo moyo wa jambo lenyewe. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Mtu anadhani mpira ukiwa mpana mara mbili maji yatapita mara mbili. Hapana, kwa presha ileile yanapita mara 16! Upana unazidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, yaani 2 mara 2 mara 2 mara 2. Kwa iyo mshipa wa milimita 2 ukitanuka ukafika milimita 2.4 tu, jicho lako halioni tofauti yoyote, lakini damu inayoweza kupita inakuwa zaidi kidogo ya mara mbili. Sindano haihitaji kufanya muujiza, ikitanua kidogo tu faida ni kubwa.

Haya, sasa figo. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa anaenda kusafisha damu, kawaida mara 3 kwa wiki, kila mara kama masaa 4 hivi. Mashine inavuta damu kama mililita 300 kila dakika. Mkono wa mtu aliyekaa tu kwa kawaida haupati hata mililita 100 kwa dakika kupitia ule mshipa wake mkubwa. Haitoshi. Ndo mana mwaka 1966 madaktari wa New York, kina Brescia na Cimino, walitangaza njia ya kuunganisha mshipa unaopeleka damu na mshipa unaorudisha damu pale kwenye kifundo cha mkono. Damu ya presha inaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa kurudisha, unatanuka, ukuta unakuwa mgumu, na baada ya wiki kadhaa unaweza kuchomwa sindano kubwa mara kwa mara. Hiyo inaitwa fistula, na jamani sio ile fistula ya uzazi, mama zangu msichanganye, hii inatengenezwa makusudi na ni ya kuokoa maisha. Wataalamu wana kipimo chao rahisi cha kujua imekomaa: baada ya wiki 6, upana milimita 6, isiwe chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na damu ipite mililita 600 kwa dakika.

Tatizo ni kwamba fistula nyingi hazifiki huko. Zinaziba siku zilezile za mwanzo, mana mishipa ya mgonjwa wa figo mara nyingi imeshachoka, ana sukari, ana presha, ameshachomwa dripu kila mahali. Na mshipa wa damu una tabia moja, ukiguswa na mkasi na uzi unajikaza kwa hasira. Damu inapita polepole, na damu inayopita polepole inaganda.

Kwa miaka mingi fistula imefanywa kwa ganzi ya pale pale, daktari anachoma dawa kwenye ngozi ya sehemu anayokata. Inaondoa maumivu ya ngozi ndio, lakini zile nyuzi za kubana mkono mzima ziko macho. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilitoa utafiti uliofanyika Glasgow kule Scotland. Walichukua wagonjwa 126 wa fistula, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapata ganzi ya pale pale, nusu wakapata ganzi ya mkono mzima. Baada ya miezi 3, fistula zilizokuwa bado wazi kwa kundi la ganzi ya mkono mzima zilikuwa asilimia 84. Kundi la pili asilimia 62. Hebu fikirini hapo, tofauti kubwa namna hiyo imetokana na mahali ilipochomwa sindano ya ganzi tu. Mi nilivyosoma ile kitu nilikaa nikafikiria watu wangu wa huku, mana mtu wa Glasgow fistula ikiziba anarudi hospitali ya jirani wanajaribu tena, mtu wa Handeni au Pangani ikiziba anapanda basi upya, wengine mpaka Dar, nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, na mkono una sehemu chache tu za kujaribu.

Kuna faida nyingine ambayo hata sisi wa thiata tunaisahau. Mishipa inapimwa kliniki, mgonjwa ana wasiwasi, feni inampuliza, daktari anapima anasema huu mshipa wa kifundoni mwembamba mno, tutaenda juu kwenye kiwiko. Akishapigwa ganzi ya mkono mzima ukipima upya mshipa uleule unakuta umetanuka, unafaa. Na kuanzia chini ni bora, mana ukishindwa chini bado una juu. Kwa iyo wadogo zangu mnaosomea utabibu, mkiwa na altrasaundi pimeni tena baada ya ganzi kabla daktari hajachora mstari wa kukata. Ni dakika chache.

Mtu ataniuliza, sasa kwanini asipewe nusu kaputi alale kabisa? Nusu kaputi nayo inatanua mishipa, ni kweli, ila inashusha presha ya mwili mzima, na hawa wagonjwa mioyo yao mingi ni dhaifu. Presha ikishuka sana fistula mpya inaweza kuziba hapohapo mezani. Ganzi ya mkono unakaa macho, unaongea na mimi, na wengi wanarudi nyumbani jioni yake. Si tunasema wenyewe hapa Tanga, waja leo waondoka leo.

Niongee kidogo na watu wa mkonge na wa mapanga. Mikono inayoingia kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, vidole vinavyokatwa, tumeviona wote. Kidole au kiganja kikishonwa upya, adui mkubwa ni ileile mishipa kujibana. Mkono mzima wa kwanza kurudishiwa ulikuwa Boston, Marekani, mwaka 1962, wa mtoto wa miaka 12. Siku hizi wataalamu wengi wa mikono wanaacha mrija mwembamba karibu na mishipa ya fahamu, dawa ya ganzi inadondoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mgonjwa hana maumivu na mkono unabaki na joto. Na sigara ni marufuku kwa huyo mgonjwa, mana inabana kile tunachohangaika kukifungua. Nyie mkipata ajali ya kidole kimekatika kabisa, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki mkaufunge, alafu mfuko ndo mwuweke kwenye maji ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu wala kisielee kwenye maji. Mkimbieni nacho hospitali.

Sasa sitaki muondoke mkidhani ni sindano isiyo na hatari. Pale shingoni na juu ya mtulinga kuna pafu karibu, linaweza kutobolewa. Sindano ya shingoni inaweza kulaza kwa muda na mshipa wa fahamu wa kiwambo cha kupumulia, upande mmoja, mtu mwenye mapafu mazima hata hajali ila mwenye pumu kali atahangaika, ndo mana mgonjwa kama huyo tunamchoma kwapani. Dawa ikiingia ndani ya mshipa wa damu kwa wingi mtu anasikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi, anaweza akapata degedege na moyo ukasimama. Kwa hilo tunachoma kidogo kidogo tukivuta kuangalia kama kuna damu, tunahesabu dozi kwa uzito wa mgonjwa, na lazima iwepo dawa ya mafuta ya kwenye dripu ya asilimia 20 karibu. Mgonjwa ukisikia lolote kati ya hayo sema palepale, usione haya kumkatiza daktari.

Na kuna hili la hogo, nisikilizeni bodaboda. Umevunjika mkono, umepigwa ganzi, umefungwa hogo, umerudi nyumbani Makorora au Duga, mkono wa moto mzuri hauumi. Ndani ya hogo nyama zinaweza kuwa zinavimba mpaka zinajinyonga zenyewe, na maumivu ambayo yangekuamsha usiku hayapo kwa sababu ya ganzi. Joto la kiganja lisikudanganye, hata mapigo ya kifundoni yanaweza kuwa bado yapo. Mtu wa nyumbani aangalie vidole: vikivimba vikakaza, vikipauka, au ganzi imeisha na maumivu yamekuja makali kuliko mwanzo hasa ukinyoosha vidole, rudini hospitali usiku huohuo, msisubiri asubuhi. Na mkono uliolala ufungwe kitambaa shingoni, uwe mbali na jiko na chupa ya chai, mana hausikii moto.

Hapo nikafungua maswali.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, mume wangu anakataa hiyo sindano, kaambiwa atapooza mkono." Mama yangu, shikamoo. Mkono utapooza kweli, lakini kwa masaa, na tunataka upooze. Ikiwa dawa ya muda mfupi ni masaa machache, ya muda mrefu inaweza kufika usiku, hata kesho yake asubuhi. Wachache sana wanabaki na ganzi kidogo au kuchomachoma kwa wiki kadhaa na wengi wao inaisha. Kudhurika moja kwa moja kupo lakini ni nadra mno. Mwambie mzee aje tuongee naye kabla ya siku ya opareshini, sio akiwa ameshavalishwa gauni, mana hapo hofu inakuwa imeshamzidi.

Kijana wa chuo akauliza kuhusu ile ganzi ya kufunga mkono kwa mpira wa presha na kuchoma dawa kwenye mshipa. Swali zuri. Ile aliianzisha August Bier, Mjerumani, mwaka 1908, nayo kwa upande wa damu ni kinyume kabisa cha tuliyoongea. Pale mkono unakamuliwa damu, unafungwa, hakuna kinachoingia wala kutoka mpaka mpira uachiwe, na hauachiwi kabla ya dakika 20 hata kama kazi imeisha dakika ya 5, la sivyo dawa yote inakwenda kwenye moyo kwa mkupuo. Inafaa kurudisha mfupa wa kifundo. Kwa fistula haifai hata kidogo, daktari anahitaji kuona damu ikitembea. Na bupivakeini haiingii humo kamwe, iandike kwenye daftari lako.

Dada mmoja akasema wao wanaishi mbali, na hospitali waliyoambiwa waende haina mtu wa kufanya hiyo ganzi, wafanyeje. Dada yangu, uliza tu. Siku ya kupangiwa opareshini muulize daktari, "Je kuna mtaalamu wa usingizi anayeweza kumpa ganzi ya mkono mzima?" Kama hayupo na fistula sio ya haraka, uliza kama wanaweza kupanga siku atakayokuwepo. Kama haiwezekani fanyeni kwa ganzi ya kawaida, zaidi ya nusu ya zile za kundi la ganzi ya pale pale kule Glasgow bado zilikuwa wazi, msikate tamaa mkaacha. Ila swali liulizwe. Hospitali zikiona wagonjwa wanauliza kila wiki zitatafuta mtu wa kusomeshwa, na hii kitu inafundishika, altrasaundi za kubebeka zipo sehemu nyingi siku hizi.

Mzee wa mwisho, fistula yake ana wiki chache tangu aifanye, aliuliza ataijuaje kama bado inafanya kazi. Babu, kila asubuhi ukiamka weka vidole juu ya kovu, utasikia mtetemo, damu inakimbia humo. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usiulalie, usivae saa ya kubana, na nesi yeyote akiushika kwa ajili ya dripu mwambie hapana, chukua wa pili. Fanya zoezi la kuminya mpira mdogo kama ulivyoelekezwa. Na asubuhi usipousikia ule mtetemo, usinywe chai kwanza ukasema nitaangalia kesho, njoo siku ileile, mana bonge la damu la masaa machache linaweza kutolewa na ukichelewa siku kadhaa inakuwa ngumu zaidi.